UZI: Gari la wagonjwa lisilobeba mgonjwa, na majimbo ya Marekani yaliyolazimika kulitungia sheria

#1 Mzee wa King'ora

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo naanzisha uzi. Juzi mdau mmoja kwenye jukwaa la ughaibuni aliuliza hivi: kwa nini Marekani ukipiga 911, namba ya dharura, kwa jambo dogo tu lazima wakubebe hadi hospitali, halafu bili inakuja nyumbani ya kukutoa roho? Watu wakamjibu "ubepari huo", wakacheka, wakaondoka. Mimi ni paramediki, yaani mhudumu wa dharura kwenye gari la wagonjwa, jimbo la Minnesota. Nimeendesha na kupanda hayo magari kwa miaka tisa, kwa hiyo jibu nililo nalo ni refu kidogo.

Kwanza mjue gari la wagonjwa hapa linalipwaje. Medicare, bima ya serikali kuu ya wazee, ilianzishwa mwaka 1965, wakati gari la wagonjwa lilikuwa usafiri tu. Mpaka leo kwenye vitabu vyake linahesabiwa zaidi kama usafiri kuliko tiba. Unalipwa kiwango fulani kwa kumbeba mgonjwa, pamoja na maili. Na maili zenyewe ni zile ambazo mgonjwa yumo ndani. Ukienda maili 40 kumfuata mtu shambani, ukamkuta sukari imeshuka, ukamtundikia dripu, akazinduka, ukakaa naye mpaka ale, akasema "ahsanteni, siendi popote", umerudi mtupu. Mafuta yako, dripu yako, na watu wawili saa nzima. Kwa Medicare hiyo safari haikuwepo.

Bima nyingine nyingi zilifuata mkondo huohuo. Sasa jiulize, mwenye kampuni ya magari atawaambia nini vijana wake? Hatasema kwa mdomo mpana, lakini kila mtu anajua: mpakie.

Kwa hiyo mzee wa watu ambaye shida yake ni kuchanganya vidonge anabebwa, anafika emejensi, anakaa saa sita, anaambiwa hana kitu, anarudi. Wiki ya pili anapiga tena. Tunawajua kwa majina, na mbwa wao tunawajua kwa majina.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la paramediki wa jamii: paramediki yuleyule, lakini king'ora kimezimwa. Anakwenda nyumbani kwa miadi. Anapima presha, anakagua dawa, anatoa damu ya maabara, anachoma chanjo, anamfuatilia aliyetoka wodini juzi. Wazo lilikuwa jepesi. Ugomvi ulikuwa kwenye sheria, maana leseni ya paramediki iliandikwa kwa ajili ya dharura. Ukikutwa sebuleni kwa mtu asiye na dharura unapima mguu uliovimba, unafanya kazi ya nani, na kwa ruhusa ya nani?

Minnesota ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwandika paramediki wa jamii kwenye sheria ya jimbo, mwaka 2011. Mwaka uliofuata, 2012, wakapitisha kipande cha pili ambacho kwangu ndicho chenye uzito: Medicaid ya jimbo, bima ya watu wa kipato cha chini, imlipe.

Nitaendelea nikitoka zamu. Maswali ruksa, kejeli pia.

#2 Sharobaro wa Sinza

Nimekaa siti ya mbele, popkoni mkononi.

#3 Mbeya Kwetu

Mkuu shusha vitu. Ila hapo kwa mbwa umenichekesha.

#4 Kijana wa Kisii

Mimi niko Brooklyn Park hapa hapa Minnesota, nafanya kwa nyumba ya kutunza wazee. Hii kitu ya kupakia ni kweli kabisa. Mwaka jana mzazi wangu alianguka bafuni, hakuumia, alikuwa tu ameshtuka. Walikuja vijana wazuri sana, wakampima, wakasema yuko sawa, lakini "tungependa kumpeleka aangaliwe". Aliangaliwa dakika kumi. Bili ya gari pekee ilipita dola 1,800. Tumelipa pole pole mpaka juzi. Kampuni siitaji jina, lakini nashangaa, kwani hao paramediki wa jamii wako wapi? Mbona sijawahi kuwaona?

#5 Mzee wa King'ora

Pole kwa mzazi, ndugu yangu.

Hujawaona kwa sababu 911 haimleti paramediki wa jamii. 911 ni dharura na itabaki dharura. Huyu mwingine anapatikana kwa rufaa. Daktari wako wa kawaida, au hospitali inapokuruhusu, ndiyo inamtuma. Halafu siyo kila kampuni ya magari inao. Mji mmoja wanao watatu, mji wa jirani hawana hata mmoja.

Sheria yetu ya Medicaid ilipoandikwa ilitaja watu gani wanahudumiwa. Wa kwanza ni yule aliyeingia emejensi mara 3 au zaidi ndani ya miezi 4 mfululizo katika mwaka uliopita. Wa pili ni yule ambaye daktari wake anaona kwamba akitembelewa nyumbani huenda asilazwe tena, au asiishie nyumba ya wazee, au atoke huko mapema. Mzazi wako aliyeanguka mara moja hakuingia kwenye kundi la kwanza. La pili lilimtegemea daktari wake ajue kwamba huduma ipo. Madaktari wengi hawajui, na hao tunafanya nao kazi jengo moja!

Ngoja niwape mfano wa hao wa mara tatu ndani ya miezi minne. Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.

Mama mmoja Mkongo, wa pande za Uvira, miaka 58, kisukari. Aliingia emejensi sukari ikiwa juu kiasi kwamba kipimo hakisomi namba, kinaandika tu "HI". Wakamrekebisha, akatoka. Wiki tano baadaye, tena. Mwezi uliofuata, tena. Kwenye faili wameandika, kwa lugha ya kistaarabu ya mafaili, kwamba mgonjwa hafuati maelekezo ya dawa. Mara zote mkalimani alikuwa wa kwenye simu, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara nyingine kabisa.

Nikatumwa mimi. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikakalishwa. Nikamwomba anioneshe anavyojichoma. Wakuu, alijichoma vizuri kuliko wanafunzi wangu. Amevuta dozi sahihi, amepima kwa jicho mstari wa sindano, amebana ngozi, hakuna kosa. Nikamuuliza mama, dawa yenyewe unaiweka wapi? Akanyanyuka, akafungua mlango wa juu wa friji. Friza. Vichupa vya insulini vimepangwa kwenye mfuko wa plastiki, juu ya samaki waliogandishwa.

Akaniambia: "Walinambia niweke mu baridi, mwanangu. Njo nikaweka mu baridi ya kabisa."

Kila asubuhi alikuwa anatoa kichupa, anakiacha dirishani kiyeyuke, anajichoma. Insulini ikishaganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana kama maji ya kawaida. Kwa hiyo mama alikuwa anajichoma kwa bidii dawa iliyokufa. Anaingia hospitali, anachomwa nzima, anapona, anarudi nyumbani kwenye friza.

Sikubadilisha dozi, sina mamlaka hayo. Nilimpigia daktari wake nikiwa nimesimama jikoni, duka la dawa likatoa vichupa vipya siku ileile, nikachukua plasta ya bluu nikabandika kwenye rafu ya katikati ya friji nikaandika HAPA. Binti yake wa darasa la sita akachora mshale.

Ziara nzima ilichukua dakika 50. Jumlisheni wenyewe gharama ya kulazwa mara tatu.

#6 Bint Pangani

Jamani "baridi ya kabisa". Nimecheka halafu nikanyamaza.

#7 Nesi Texas

Mzee wa King'ora nakuheshimu, na hadithi ya mama Uvira imenigusa. Lakini nikupinge kidogo, maana unapeleka watu upande mmoja.

Mimi ni nesi, miaka 14, sehemu kubwa nimefanya huduma za nyumbani. Kazi uliyoielezea hapo, kukagua dawa, kumfundisha mgonjwa, kuangalia friji, ni kazi yetu. Tumeisomea. Paramediki amefundishwa dakika ishirini za mwanzo, na hapo ni bingwa, hakuna anayebisha. Lakini kidonda cha kisukari cha miezi minane siyo cha dakika ishirini. Ndiyo maana California chama cha manesi kiliupinga mpango huu tangu kwenye majaribio. Mnaita ubunifu, sisi tunaona mtu wa bei nafuu anawekwa mahali pa nesi.

Na pili, si kila jimbo limehitaji sheria mpya. Texas daktari msimamizi wa huduma ya magari ana nafasi pana ya kuamua paramediki wake wafanye nini chini ya usimamizi wake. Jiji letu la Fort Worth walianza kazi hii mwaka 2009, kabla ya hiyo Minnesota yenu, na hawakungoja bunge liwaandikie cheo.

#8 Sharobaro wa Sinza

Haya sasa, kumekucha.

#9 Mzee wa King'ora

Dada, hoja zako nazipokea, tena hiyo ya Fort Worth ni kweli tupu. Niliogopa mtu asije akaitaja.

Nianze na manesi. Sheria ya Minnesota iliandikwa manesi wakiwa wameshika ukingo wa meza, na inaonekana kwenye maneno yake. Kwanza huwezi kuingia tu. Lazima uwe umefanya kazi ya paramediki kwa muda kamili miaka 2, kisha usome kozi ya paramediki wa jamii kwenye chuo kinachotambulika, na kila ukihuisha cheti uongeze saa 12 za masomo. Pili, unachofanya nyumbani kwa mtu kinafuata mpango wa matibabu ulioandaliwa na daktari wake wa kawaida pamoja na daktari msimamizi wa gari. Tatu, sheria inasema wazi kusiwe na huduma inayorudiwa. Yaani kama nesi wa nyumbani yupo kwa huyo mama, mimi sina cha kufanya pale.

Tatizo ni kwamba hakuwepo. Bima ilimpa nesi kwa ziara chache, zikaisha. Na huku vijijini kaskazini nesi wa nyumbani ni kama mvua ya Agosti Dodoma, wakati gari la wagonjwa lipo, limepaki, vijana wanacheza karata wakisubiri simu. Hoja ya sheria ilikuwa hiyo: hawa wapo tayari, wamesoma, wanalipwa mshahara, watumike.

California wamefika mahali tofauti kabisa, na hapo chama chenu kina mkono. Walifanya majaribio kuanzia mwaka 2014 na 2015, kila kaunti na lake. Ventura paramediki walikuwa wanawapelekea wagonjwa wa kifua kikuu dawa na kuwaangalia wanameza. San Francisco mlevi wa barabarani asiye na jeraha anapelekwa kituo cha kulevuka badala ya emejensi. Stanislaus wagonjwa wa akili walipelekwa moja kwa moja kituo cha afya ya akili. Muswada wa kuyafanya haya kuwa sheria ulifika mezani kwa gavana Jerry Brown mwaka 2018, akaukataa. Ukarudi, ukasainiwa na Gavin Newsom Septemba 2020. Sheria ile inataja aina za programu zinazoruhusiwa, na inataka wakala za umma, mfano zimamoto, zipewe nafasi kwanza kabla ya kampuni binafsi. Na ilikuja na tarehe ya kufa, kama maziwa. Ilikuwa iishe mwanzoni mwa 2024, wakaisogeza mbele.

Sasa Fort Worth. Mlifanikiwa bila cheo cha kisheria, nakubali. Lakini nani alikuwa analipa? Hospitali na bima ndizo zilizoingia mikataba na ile huduma ya magari, maana kuanzia Oktoba 2012 Medicare ilianza kuzikata hospitali pesa kama wagonjwa wao wa moyo au nimonia wanarudi kulazwa ndani ya siku 30. Makato yakaja kupanda hadi asilimia 3 ya malipo yao ya Medicare. Hospitali ikishachomwa hapo ndiyo inaanza kumpenda paramediki wa jamii. Mkataba ni kitu kizuri, ila ni wa mwaka hadi mwaka. Mkurugenzi mpya akiingia na kikokotoo chake anaweza kuufuta.

#10 Nesi Texas

Hapo kwenye mikataba sina ubishi. Na hata hiyo huduma yenyewe ya magari ya Fort Worth haipo tena kama ilivyokuwa, mwaka 2025 zimamoto ya jiji ndiyo imechukua kazi.

Ila kwenye "manesi hawakuwepo", jiulize kwa nini hawakuwepo. Wangeongeza ziara za nesi kwenye bima, usingehitajika.

#11 Mzee wa King'ora

Ni kweli, nisingehitajika. Nami ningekuwa nacheza karata.

#12 Wakili wa Kata

Mleta mada, swali la kisheria. Umesema Medicare ndiyo yenye tatizo la "beba ulipwe". Medicare ni ya serikali kuu. Unasema majimbo yametunga sheria. Jimbo linawezaje kurekebisha bima ambayo si yake? Au ndiyo yale ya kutibu mguu wa kulia wakati unaouma ni wa kushoto?

#13 Mzee wa King'ora

Wakili umegusa jipu lenyewe.

Jimbo haliwezi. Jimbo lina leseni, maana leseni za paramediki ni za majimbo. Lina Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, ambayo linaiendesha kwa kushirikiana na serikali kuu kwa hiyo lina sauti. Na linaweza kuzibana kwa kiasi bima binafsi zilizo chini ya sheria zake. Medicare halina mkono nayo.

Sasa wagonjwa wa gari ni akina nani? Wazee. Na wazee wana Medicare. Kwa hiyo mgonjwa wangu wa miaka 58 analipiwa na jimbo, lakini jirani yake wa miaka 78 mwenye moyo uliopanuka, vidonge kumi na moja na hana mtoto wa kumchorea mshale, hana wa kumlipia ziara yangu kwenye Medicare ya kawaida. Anayeumwa zaidi ndiye aliye nje ya sheria.

Serikali kuu ilijaribu. Mwaka 2019 walitangaza mpango wa majaribio ulioitwa ET3: Medicare imlipe mwenye gari hata akimpeleka mgonjwa kliniki badala ya emejensi, au akimtibu palepale alipo kwa kumuunganisha na daktari kwa simu ya video. Corona ikauchelewesha, ukaanza Januari 2021, na ulikuwa uende miaka mitano. Walioshiriki walikuwa wachache na wagonjwa waliopatikana ni wachache kuliko ilivyotarajiwa, basi wakaufunga Desemba 31, 2023, miaka miwili kabla ya muda. Mimi naona ulianza siku mbaya. Huwezi kuwaambia watu wa magari wajaribu kitu kipya katikati ya corona, wakati nusu ya zamu ni wagonjwa wao wenyewe. Lakini mezani Washington limebaki neno moja tu: lilijaribiwa, halikufaulu.

Ndiyo maana nasema ukiiona sheria ya jimbo kuhusu hili, usianzie kwenye sifa za cheo. Tafuta kifungu cha malipo kwanza. Ukikikosa, ujue wamempa mtu joho bila mshahara. Maine mwaka 2012 waliruhusu miradi ya majaribio isiyozidi 12, na walioifanya wengi walijitafutia pesa wenyewe. Colorado mwaka 2016 wakatunga ya kwao, wao wakatoa leseni kwa wakala wanaotoa huduma hii. Arizona Medicaid yao ikaanza kulipa kumtibu na kumwelekeza mgonjwa bila kumbeba. Yaani kila jimbo limeshona suruali yake, na Medicare haiivai hata moja.

#14 Wakili wa Kata

Nimeelewa. Na kama paramediki akikosea sebuleni, anashitakiwa nani?

#15 Mzee wa King'ora

Tunafanya kazi chini ya leseni ya daktari msimamizi na miongozo yake, kwa hiyo naye anakuwa na presha yake. Ndiyo maana madaktari wengine hawataki kusikia habari hizi kabisa.

#16 Babu wa Maktaba

Naomba niongeze la kihistoria, maana vijana mnaongea kama paramediki alishuka na mvua.

Kabla ya miaka ya sitini hapakuwa na huyo mtu. Mwaka 1966 ilitoka ripoti maarufu Marekani kuhusu vifo vya ajali, na ndani yake imeandikwa kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini zilikuwa zinatolewa na wenye biashara za mazishi, wapatao 12,000. Sababu ni rahisi: wao ndio waliokuwa na gari refu la kumlaza mtu. Hebu fikiria. Anayekupeleka hospitali anapata pesa ukifika na anapata pesa usipofika.

Pittsburgh, mtaa wa Hill, mtaa wa weusi, ukipiga simu walikuja polisi na machela. Mwaka 1967 ikaanzishwa huduma ya Freedom House. Waliochukuliwa walikuwa vijana weusi wa mtaani, wengi hawana kazi, wakafundishwa na daktari Peter Safar, yule wa kufufua moyo na pumzi, na baadaye daktari Nancy Caroline. Wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza wa kweli Marekani. Jiji likaja kuifunga mwaka 1975 likaanzisha huduma yake, na wengi wao wakasukumwa pembeni.

Ninachotaka kusema: wale wa Freedom House walikuwa wanamjua bibi wa ghorofa ya tatu na dawa zake. Hili la "jamii" siyo jipya, lilikuwepo siku ya kwanza, likapotea.

#17 Mzee wa King'ora

Babu, heshima yako. Darasani hii tulipewa aya moja tu.

#18 Bint Pangani

Mimi ni mkunga, niko Tanga. Nasoma uzi huu nikiwa nacheka na kulia. Sisi huku shida yetu ilikuwa kinyume: mtu anahitaji kubebwa na hakuna gari. Ndiyo maana M-mama imetusaidia. Mjamzito akipata shida unapiga 115 bure, kama gari la wagonjwa halipo wanampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye teksi au Noah yake, analeta mgonjwa na analipwa kwa simu. Ilianzia Shinyanga na Sengerema, mwaka 2022 ikazinduliwa kitaifa. Na mwaka 2024 serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, ambao ndio hao wa kupita nyumbani na kuangalia friji, wenye friji.

Swali: huko kwenu paramediki wa jamii wanagusa wajawazito?

#19 Mzee wa King'ora

Mkunga, salaam za Tanga.

Wanagusa, na mfano mzuri ni Indiana. Kuna mji mdogo unaitwa Crawfordsville ambako huduma ya uzazi ilikuwa haba. Zimamoto ya mji wakaanzisha mradi wa kuwatembelea wajawazito na mama waliojifungua, wanapima presha, wanamwangalia mtoto, wanamuunganisha mama na daktari. Wanauita Project Swaddle, kama kumfunga mtoto mchanga kwenye kanga. Indiana ilipotunga sheria yake mwaka 2019, ilifungua mlango wa ruzuku kwa programu za namna hiyo.

Na hiyo M-mama, ona jambo moja. Na nyie mnamlipa dereva kwa kubeba. Kwa Tanga ni sawa kabisa, maana tatizo lenu ni umbali. Sisi kosa letu ni kuendelea kulipa hivyohivyo miaka sitini, mpaka ikawa kubeba ndiyo kazi yenyewe. Siku mkipata magari ya kutosha, kumbukeni kubadilisha fomu ya malipo.

#20 Mbeya Kwetu

Mkuu mimi nataka kujua upande wa chakula cha watoto. Hii kazi inalipa? Mtu akitoka bongo na diploma ya udaktari anaingiaje?

#21 Mzee wa King'ora

Diploma yako haitakupa leseni ya hapa moja kwa moja. Unaanza na kozi ya chini ya gari la wagonjwa, miezi michache, unafanya mtihani wa taifa, unaingia kazini. Kisha kozi ya paramediki, mwaka mmoja mpaka miwili. Ndipo zile mbili za kazi, ndipo cheo cha jamii. Mshahara unaishi, hautajiriki. Nesi anakuzidi, muulize dada wa Texas.

Faida nyingine ni mgongo. Nimebeba watu wazito kwenye ngazi miaka saba. Sasa nabeba mkoba na kipimo cha sukari.

#22 Nesi Texas

Tunawazidi, ndiyo. Na bado haitoshi.

#23 Kijana wa Kisii

Mzee wa King'ora, kesho nina miadi na daktari wa mzazi. Nimuulize nini hasa?

#24 Mzee wa King'ora

Mwambie hivi: "Kliniki yenu ina ushirikiano na paramediki wa jamii? Naomba umwandikie rufaa aje akague nyumba na dawa, kwa kuwa alianguka." Usiseme tu "nataka mtu aje", atakupa karatasi ya namba ya simu. Neno ni rufaa. Na ubebe dawa zake zote kwenye mfuko, zote, hata zile anazosema ameacha. Angalia kama kuna chupa mbili zenye majina tofauti ambazo ni dawa moja, moja jina la kiwandani, nyingine jina la dawa yenyewe. Hiyo peke yake imeangusha wazee wengi bafuni.

Halafu uliza anatumia bima gani. Kama ni Medicare tupu, rudi hapa tuongee, maana huenda kampuni ya magari ya kwenu inabeba gharama yenyewe au haifanyi kabisa.

#25 Kijana wa Kisii

Asante sana. Nimeangalia saa hii hii kabatini. Kuna furosemide na kuna Lasix.

#26 Mzee wa King'ora

Ndugu, hizo ni dawa moja. Usiache wala usipunguze mwenyewe, piga namba ya kliniki usiku huuhuu, au ya nesi wa bima, mara nyingi ipo nyuma ya kadi. Waambie umekuta zote mbili na uwaambie anameza ngapi kwa siku. Akiwa na kizunguzungu akisimama, au amelegea kuliko kawaida, usisubiri kesho. Piga 911, hiyo ni dharura.

#27 Kijana wa Kisii

Nimepiga. Wamesema asimeze ya pili leo, na kesho tumlete saa mbili asubuhi apimwe damu. Amekaa, anaongea vizuri, analalamika kwamba nimemwamsha.

#28 Nesi Texas

Waombe waangalie potasiamu na figo kwenye hiyo damu. Na akalie kitanda kidogo kabla ya kusimama. Pole mzee.

#29 Bint Pangani

Alhamdulillah. Mtupe habari kesho.

#30 Sharobaro wa Sinza

Nilikuja na popkoni, naondoka naenda kuangalia dawa za bibi.

Ila mleta mada hujamaliza. Wale samaki wa mama Uvira waliishia wapi?

#31 Mzee wa King'ora

Kanuni za kazi zinatukataza kupokea zawadi kwa mgonjwa. Nilimwambia hivyo. Akasema sawa, mwanangu, haujapokea. Akawasha jiko, akaniambia nikae.